Vita vya Troya: mashujaa waliojitia wazimu, waliojificha na waliotoa hongo ili wasiende vitani

#1 – Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Ukitajwa mji wa Troya watu hukimbilia mambo matatu: mwanamke mzuri, kisigino cha Achilles na farasi wa mbao. Ila kuna upande wa kisa hiki ambao hausemwi sana, na ndio ninaoupenda kuliko wote. Wengi wa hao tunaowaita mashujaa hawakutaka kwenda. Mmoja alijitia wazimu, mwingine alivalishwa gauni akafichwa kati ya mabinti, mwingine alitoa jike la farasi ili aachwe nyumbani, na mfalme mmoja wa Cyprus alipeleka meli za udongo. Ndiyo, udongo. Nitafika huko.

Tuelewane kabla sijaendelea: hizi ni hadithi za Wagiriki wa kale na hazikai kwenye kitabu kimoja. Nyingine ziko kwa mshairi Homer, katika tenzi zake mbili, Iliad na Odyssey ("kitabu" humo ni kama sura). Nyingine zimehifadhiwa na waandishi waliokuja karne nyingi baada yake, kama Apollodorus na Hyginus. Ndiyo maana tukio moja unaweza kulikuta na masimulizi mawili, na hakuna wa kuamua lipi ndilo.

Chanzo nakipitia haraka maana wengi mnakijua. Eris, mungu wa ugomvi, hakualikwa kwenye harusi ya Peleus na Thetis. Akarusha tufaha la dhahabu liwe la aliye mzuri kuliko wote. Hera, Athena na Aphrodite wakaligombania. Zeus akakwepa kuamua (mmoja mkewe, wawili binti zake, nani angemlaumu), akamtupia mzigo Paris, mwana wa Priam mfalme wa Troya. Hera akamwahidi Paris utawala, Athena ushindi vitani, Aphrodite akamwahidi Helen. Kijana akachagua Helen, ambaye tayari alikuwa mke wa Menelaus, mfalme wa Sparta. Paris akaenda Sparta kama mgeni, akakaribishwa vizuri, na mwenyeji aliposafiri kwenda Crete kwenye msiba, mgeni akaondoka na mke pamoja na mali za nyumbani.

Sasa swali. Aliyeibiwa mke ni mtu mmoja. Hao wengine wote walitokea wapi? Homer katika kitabu cha 2 cha Iliad anaorodhesha meli 1,186. Agamemnon, kaka yake Menelaus, alikuja na 100, mzee Nestor na 90, Menelaus mwenyewe 60, Odysseus 12 tu. Watu wa Boeotia walipakia 120 katika kila meli. Jeshi lote hilo kwa ajili ya ndoa ya jirani?

Jibu ni kiapo. Helen alipokuwa bado kwa baba yake, alichumbiwa na karibu wakuu wote wa Ugiriki kwa wakati mmoja. Baba yake, Tyndareus, akaingiwa hofu: akimpa mmoja, waliobaki watamgeuka. Odysseus wa Ithaca alikuwapo, alishaona kwamba Helen hampati, akamwendea mzee pembeni. Nisaidie nimpate Penelope, binti wa ndugu yako Icarius, nami nitakupa njia ya kutoka hapa. Njia yenyewe: kabla mchumba hajatangazwa, wote waape kwamba atakayechaguliwa akidhulumiwa katika ndoa hiyo, wengine watamsimamia.

Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2 BK, anaeleza walivyoapishwa. Tyndareus alichinja farasi, akamkatakata, akawasimamisha wachumba juu ya vile vipande vya nyama, wakaapa wakiwa wamesimama hapo. Kisha farasi akazikwa palepale. Anasema njiani kutoka Sparta palikuwa na mahali panapoitwa Kaburi la Farasi.

Kwa hiyo walioitwa Troya walikuwa wanadaiwa neno walilolitoa wakiwa vijana, siku ambayo kila mmoja wao aliamini bwana harusi ni yeye.

Naendelea baada ya muda, msinifungie uzi.

#2 – Mdau

Nimevuta kiti. Shusha.

#3 – Mdau

Hiki kiapo ni sawasawa na kumdhamini mtu mkopo. Unasaini unacheka, siku ya kudaiwa hujui ujifiche wapi. Ila mkuu, kwa hiyo Odysseus ndiye aliyeleta wazo, halafu na yeye akakwepa?

#4 – Mtoa mada

Ndiye huyo huyo, na alikwepa kwa ufundi.

Wajumbe walipofika Ithaca, Odysseus alikuwa amepata mtoto wa kiume si zamani, Telemachus. Hyginus anasema alikuwa ameshaambiwa na watabiri kwamba akienda atarudi baada ya miaka 20, peke yake, bila mali na bila wenzake. Akavaa kofia ya sufu kichwani, akamfunga farasi na ng'ombe dume kwenye plau moja, akaenda shambani kulima. Aliyewahi kulima na wanyama anajua maana yake: hatua za farasi na za ng'ombe haziendi pamoja, mmoja anavuta na mwingine anaburutwa, mtaro unakwenda upogo. Wasimulizi wengine wanaongeza kwamba alikuwa anapanda chumvi badala ya mbegu.

Wajumbe karibu waondoke. Lakini kati yao alikuwemo Palamedes, mwana wa Nauplius, mwerevu mwingine. Palamedes akamchukua Telemachus kutoka kitandani akamlaza chini mbele ya plau. Odysseus akasimamisha wanyama, na mchezo ukaishia hapo. Apollodorus anasimulia vingine: Palamedes alimnyakua mtoto kifuani kwa Penelope akachomoa upanga kana kwamba anamuua, na baba akakiri.

Homer hataji wazimu wowote. Ila katika kitabu cha 24 cha Odyssey, mzimu wa Agamemnon kule kuzimu unakumbuka kwamba safari ile ya kwenda kumshawishi Odysseus iliwachukua mwezi mzima. Kwa hiyo hata Homer anajua kwamba jamaa hakuondoka kwa furaha.

Mshikeni huyu Palamedes kichwani, nitamrudia.

Achilles sasa. Huyu hakuapa. Wenzake walipokuwa wanamchumbia Helen, yeye alikuwa mtoto analelewa na Chiron, nusu mtu nusu farasi, kwenye mlima Pelion. Hakuwa na deni kwa Menelaus. Lakini Calchas, mtabiri wa jeshi, alisema Troya haianguki bila yeye. Mama yake, Thetis, alikuwa anajua upande wa pili wa utabiri: akienda, harudi. Akamvalisha kike akampeleka kisiwa cha Skyros kwa mfalme Lycomedes, akaishi kati ya mabinti wa mfalme. Huko wakamwita Pyrrha, kwa sababu ya nywele zake zenye wekundu.

Nadhani mnajua nani alitumwa kumfukua. Odysseus! Aliyekamatwa ndiye aliyefanywa mkamataji. Akafika na vitu vya kike, mapambo na vitambaa, na katikati yake akaweka ngao na mkuki. Mabinti wakainamia vitambaa. Ghafla tarumbeta ikapigwa na silaha zikagonganishwa kana kwamba kisiwa kimevamiwa. Mabinti wakakimbia, isipokuwa mmoja aliyechana gauni lake akashika ngao. Kwa wakati huo alikuwa ameshaacha mimba kwa Deidamia, binti wa mfalme. Mtoto ndiye Neoptolemus, nitamtaja tena kwenye farasi.

Katika Iliad hili la gauni halimo. Kwenye kitabu cha 11 Nestor anakumbusha kwamba yeye na Odysseus walimkuta Achilles nyumbani kwa baba yake, Phthia, akihangaika na nyama ya ng'ombe pamoja na rafiki yake Patroclus, na vijana wote wawili walitaka sana kwenda. Mimi binafsi naona kisa cha Skyros kilibuniwa na watu waliomwonea huruma yule mama.

#5 – Mdau

Meli za udongo ziko wapi mtoa mada? Usitupige chenga.

#6 – Mtoa mada

Haya. Cinyras, mfalme wa Cyprus. Wajumbe walimfikia, akala kiapo kwamba ataleta meli 50. Apollodorus anasema alipeleka moja ya kweli, zilizobaki akazifinyanga kwa udongo akazisukuma baharini. Kwa maneno aliyoapa, hamsini zilitoka. Kwenye Iliad, kitabu cha 11, huyu huyu Cinyras anatajwa kwa heshima kwamba alimzawadia Agamemnon deraya nzuri ya kifua. Unganisha mwenyewe.

Lakini wanaonigusa zaidi ni wale wadogo ambao Homer anawapa mistari michache na kuwaacha.

Kitabu cha 23, mashindano ya magari ya farasi kwenye mazishi ya Patroclus. Menelaus anafunga farasi wake, na mmoja ni jike anaitwa Aethe, wa Agamemnon. Homer anaeleza alikotoka: Echepolus wa Sicyon alimpa Agamemnon farasi huyo ili asimfuate kwenda Troya, abaki nyumbani astarehe, kwani Zeus alikuwa amempa utajiri mwingi. Basi. Hakuna lawama wala neno "mwoga". Tajiri katoa farasi, kamanda mkuu kapokea, na farasi anakimbia kwenye mashindano mbele ya watu waliokaa miaka tisa ufukweni kwa kukosa farasi wa kutoa.

Kitabu cha 13: Euchenor wa Corinth. Baba yake Polyidus alikuwa mtabiri na alimwambia wazi: ama utakufa kwa ugonjwa mbaya ndani ya nyumba yako, ama utauawa na watu wa Troya. Euchenor akapanda meli. Homer anasema alikuwa anakwepa mambo mawili, ugonjwa na faini nzito ya Waakea (ndivyo Homer anavyowaita Wagiriki). Paris alimpiga mshale chini ya taya na sikio.

Na kitabu cha 24, mungu Hermes anapojigeuza kijana wa jeshi la Achilles ili amsindikize mzee Priam usiku, anajitambulisha hivi: sisi tuko saba kwa baba yetu, tulipiga kura na mimi ndiye niliyeangukiwa. Ni uongo wa mungu, lakini uongo unaokusudiwa uaminike hutumia mambo ya kawaida. Nyumba yenye wana saba ilitoa mmoja kwa kura.

#7 – Mdau

Kumbe faini ilikuwepo. Halafu tunasomeshwa kwamba walikwenda kutafuta utukufu.

#8 – Mdau

Mtoa mada usitupotoshe. Utukufu upo kwenye kila ukurasa wa Iliad. Hawa wakwepaji wako watatu wanne hawawezi kufuta jeshi zima.

#9 – Mtoa mada

Mkuu #8, hoja nzuri, sikatai kwamba utukufu umo. Hector, mwana wa Priam na shujaa mkuu wa Troya, anapomuaga mkewe Andromache kwenye kitabu cha 6 anasema angeona aibu mbele ya watu wa mji akijificha vitani. Sarpedon, mshirika wa Troya, naye ana hotuba nzima ya kwa nini wakubwa lazima wawe mstari wa mbele. Lakini umesema jeshi zima, basi tulione jeshi zima.

Kitabu cha 2. Mwaka wa kumi umeingia. Agamemnon anaamua kuwapima askari wake: anawaambia vita imeshindikana, mbao za meli zimeoza, kamba zimelegea, wake na watoto wetu wanatusubiri, twendeni zetu. Alitarajia wakatae.

Walikimbia! Homer anasema mkutano mzima ulitikisika kama bahari, vumbi likapanda miguuni mwao, wakaanza kuita wenzao wazishike meli, wakasafisha njia za kuzishushia majini na kuzitoa magogo yaliyozizuia. Hawakusubiri kusikia sentensi ya pili. Bila Odysseus kupita na fimbo ya kifalme ya Agamemnon, vita ingeishia siku hiyo. Na angalia alivyopita: kwa wakubwa alisema maneno laini, kwa askari wa kawaida alipiga kwa fimbo na kuwaambia wakae chini wasikilize wanaowazidi.

Mmoja tu aliendelea kusema, Thersites. Homer hampendi kabisa: anamchora mwenye miguu ya matege, kilema, mabega yamekunjamana, nywele chache kichwani. Lakini sikiliza anachosema. Agamemnon, unataka nini zaidi? Vibanda vyako vimejaa shaba na wanawake, ambao sisi tunakuchagulia wewe kwanza kila tukiteka mji. Twendeni nyumbani, tumwache hapa alie zawadi zake peke yake. Odysseus akamchapa mgongoni na mabegani kwa ile fimbo mpaka ukavimba mstari wa damu, machozi yakamtoka, na jeshi likacheka.

Sasa rudi nyuma hadi kitabu cha 1, usikie Achilles anachomwambia Agamemnon huyo huyo: mimi sikuja hapa kwa sababu ya watu wa Troya, hawajanikosea kitu, hawajawahi kuniibia ng'ombe wala farasi. Kati yao na kwetu kuna milima mingi na bahari. Tumekufuata wewe. Maneno ya Thersites na ya Achilles ni yale yale, tofauti ni nani ana mkuki.

Kwenye kitabu cha 9 Achilles analeta kubwa zaidi. Ng'ombe na kondoo wanatekwa, anasema, farasi wananunuliwa, lakini roho ya mtu ikishavuka meno hairudi kwa kuteka wala kwa kununua. Na kule Odyssey, kitabu cha 11, akiwa ameshakufa, anamwambia Odysseus asimfariji kuhusu kifo: afadhali kuwa kibarua wa mtu asiye hata na shamba kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Huyo ndiye aliyepata utukufu kuliko wote, mkuu #8.

#10 – Mdau

Na upande wa Troya? Wao walikuwa wanapigania kwao, sidhani kama kulikuwa na wakwepaji.

#11 – Mtoa mada

Kukwepa walikwepea wapi, walikuwa wamezingirwa. Lakini vita hawakuitaka. Paris alipotoka kupigana na Menelaus ana kwa ana, kitabu cha 3, majeshi yote mawili yalifurahi, yakakaa chini yakidhani sasa yamekwisha. Aphrodite alipomtorosha Paris katikati ya pambano, Homer anasema hakuna mtu wa Troya ambaye angemficha kwa mapenzi. Walimchukia kama kifo cheusi.

Kitabu cha 7, Antenor, mzee wa Troya, anasimama kwenye baraza na kusema tumrudishe Helen na mali zake. Paris anakataa: mali nitarudisha na za kwangu nitaongeza, mke simtoi. Anatumwa mpiga mbiu Idaeus kuupeleka ujumbe huo kambini kwa Wagiriki, na Idaeus anauwasilisha hivi: mali zote ambazo Paris alileta Troya, *laiti angekufa kabla*, yuko tayari kuzirudisha. Hilo la kufa hakutumwa. Alilichomeka mwenyewe, mbele ya majenerali wa adui. Kwangu huo ni mmoja wa mistari mikubwa ya kitabu kizima.

Washirika wa Troya nao wana mambo yao. Eurypylus, mwana wa Telephus, alizuiwa na mama yake asiende. Priam akampelekea mama mzabibu wa dhahabu. Mama akalegea, mtoto akaenda, na Neoptolemus akamuua. Odyssey inasema kwa kifupi tu kwamba watu wake walikufa pamoja naye kwa sababu ya zawadi za mwanamke.

#12 – Mdau

Nimewahi kusikia kuna mfalme mweusi alipigana Troya. Ni kweli au ni habari za mitandaoni?

#13 – Mtoa mada

Yumo, anaitwa Memnon, mfalme wa Waithiopia, mwana wa Eos mungu wa alfajiri na Tithonus nduguye Priam. Alikuja baada ya kifo cha Hector. Alikuwa na utenzi wake mzima, Aethiopis, ambao umepotea na tumebakiwa na muhtasari. Alimuua Antilochus, mwana wa Nestor, na Achilles akamuua yeye. Mama yake alimwombea kwa Zeus uzima wa milele akapewa.

Usiichore ramani ya Ethiopia ya leo, maana Wagiriki waliwaita hivyo watu weusi wa kusini ya mbali, na wengine waliwaweka hata mashariki. Lakini kuna sanamu mbili kubwa za mawe Misri, ng'ambo ya magharibi ya Nile karibu na Luxor. Ni za farao Amenhotep III. Wagiriki walipofika huko waliamua ni za Memnon, hasa kwa sababu moja ilikuwa inatoa sauti alfajiri jua linapochomoza, wakasema anamsalimia mama yake. Kaisari Hadrian alikwenda kuisikiliza mwaka 130 BK na mashairi ya Julia Balbilla aliyefuatana naye yamechongwa kwenye mguu wa sanamu mpaka leo.

#14 – Mdau

Kisigino? Farasi? Na je, huo mji uliwahi kuwepo au tunapoteza bando?

#15 – Mtoa mada

Kisigino: Homer hakijui. Kwake Achilles ni mtu wa nyama, na kwenye kitabu cha 21 Asteropaeus anamchubua mkono kwa mkuki damu inatoka. Habari ya mama kumtumbukiza kwenye Styx, mto wa kuzimu, akiwa amemshika kisigino ipo kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK.

Farasi: hayumo kwenye Iliad, maana Iliad inaishia kwenye mazishi ya Hector na mji bado umesimama. Yumo kwenye Odyssey, na kwa kirefu kwenye Aeneid ya Virgil, kitabu cha 2. Ila mimi nawapendea waliokuwa ndani. Odysseus anamsimulia Achilles kule kuzimu kwamba ndani ya farasi wakuu wa Wagiriki walikuwa wanafuta machozi na miguu inawatetemeka, isipokuwa Neoptolemus peke yake, aliyekuwa anapapasa upanga na kuomba atolewe nje. Na usiku ule Helen alizunguka farasi mara tatu akiwaita wanaume kwa majina, akiigiza sauti za wake zao. Anticlus alitaka kuitika. Odysseus akamziba mdomo kwa mikono yote miwili mpaka Helen alipoondoka. Miaka kumi hujaisikia sauti ya mkeo, mtu akuambie usiitike!

Mji: kilima cha Hisarlik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, mkoa wa Çanakkale. Frank Calvert alikuwa anamiliki sehemu ya kilima na alianza kuchimba, Mjerumani Heinrich Schliemann akaja mwanzoni mwa miaka ya 1870 na pesa na haraka. Mwaka 1873 akatoa dhahabu akaiita hazina ya Priam. Ilikuwa ya tabaka la kale mno, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati ambao Wagiriki waliihesabu vita yao, na njiani alikuwa ameshakata mengi ya matabaka ya juu. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo iko Moscow leo, ilichukuliwa Berlin mwaka 1945. Kilima kina matabaka tisa makubwa ya miji juu ya miji, na moja liliungua karibu na mwaka 1180 KK. Eratosthenes, mwanazuoni Mgiriki wa kale, aliweka kuanguka kwa Troya mwaka 1184 KK. Wahiti, dola ya kale iliyokuwa Uturuki ya leo, nao wana hati zinazotaja mji wa Wilusa na mfalme wake Alaksandu, na wataalamu wengi wanaona ndio huu. Mji ulikuwepo, uliungua zaidi ya mara moja. Achilles na Helen hawajatoka kwenye udongo.

#16 – Mdau

Ulituahidi Palamedes.

#17 – Mtoa mada

Palamedes kwangu ndiye aliyeonewa kuliko wote. Odysseus hakumsamehe ile ya plau. Wakiwa kambini Troya akaandaa barua ya uongo kama imetoka kwa Priam, ikiahidi dhahabu kwa kuliuza jeshi, na dhahabu yenyewe akaifukia mahali hema la Palamedes lilipokuwa. Barua "ikaonekana". Wakachimba, dhahabu ikatoka, wakampiga mawe mpaka akafa. Na huyu ndiye ambaye Wagiriki walisema aliwabunia baadhi ya herufi, vipimo na mchezo wa dado ili askari wasikae bure.

Baba yake, Nauplius, akaja kudai haki akafukuzwa. Basi akaanza kuzunguka nyumba za Wagiriki kuwashawishi wake zao wachukue wanaume wengine. Apollodorus anamtaja Clytemnestra, mke wa Agamemnon, kwamba ni mmoja wa waliosikiliza. Huyo tayari alikuwa na lake, bintiye Iphigenia alishatolewa kafara pale Aulis, bandari meli zilipokusanyika, ili upepo wa kwenda Troya uvume, baada ya kuitwa kwa kisingizio cha kuolewa na Achilles. Agamemnon alirudi na ushindi akauawa nyumbani kwake. Halafu meli za Wagiriki zilipokuwa zinarudi usiku zikiwa kwenye dhoruba, Nauplius akawasha moto juu ya miamba ya Caphereus, kisiwa cha Euboea. Mabaharia wakadhani ni bandari, wakaelekea huko wakavunjikia miambani. Odysseus hakuwemo kwenye hizo. Yeye alifika Ithaca mwaka wa 20, peke yake, zile meli 12 hakuna hata moja iliyorudi.

#18 – Mdau

Na Helen? Walimuua?

#19 – Mtoa mada

Hapana mkuu. Odyssey kitabu cha 4 yuko Sparta kwa Menelaus, katulia, anasokota sufu, pembeni ana kikapu cha fedha chenye magurudumu alichozawadiwa Misri. Wageni wakianza kulia wakikumbuka vita anawatilia dawa kwenye mvinyo wasahau.

Ila kuna masimulizi kwamba hakuwahi kufika Troya kabisa. Mshairi Stesichorus alisema hivyo, Euripides akaandika tamthilia nzima mwaka 412 KK, na mwanahistoria Herodotus anasema aliambiwa na makuhani wa Misri: Paris alisukumwa na upepo mpaka Misri, mfalme Proteus akamzuia Helen huko Memphis na kumfukuza Paris. Wagiriki wakaja Troya wakadai mke. Watu wa Troya wakasema hayuko hapa, yuko Misri. Hawakuaminiwa. Herodotus anasema yeye anaiamini hii, kwa sababu Priam hangekuwa na kichaa cha kuacha wanawe wafe mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya mwanamke ambaye angeweza kumrudisha.

#20 – Mdau

Nataka kuanza kuisoma Iliad yenyewe. Nianzie wapi nisije nikachoka?

#21 – Mtoa mada

Anza kitabu cha 1 moja kwa moja. Cha 2 soma mpaka Thersites anapochapwa, orodha ya meli iruke, utairudia ukishawajua watu. Kisha cha 3, cha 6, cha 9, na kuanzia cha 16 usiruke kitu. Kama ni mvivu kabisa, soma cha 24 peke yake, mzee Priam anapokwenda usiku kwa Achilles kudai maiti ya mwanawe Hector.

Maswali ya safari ya Odysseus kurudi nyumbani nitayafungulia uzi wake, tusichanganye humu.